Ultima IV: Fungua Kitabu Kabla ya Kuanza Gemu

Habari zenu watazamaji wangu. Leo tuna Ultima IV, gemu ya mwaka 1985 ya Richard Garriott, ambayo sasa unaipakua bure kabisa kwenye duka la mtandaoni la GOG. Nataka tuongelee zile faili za PDF zinazokuja nayo, maana wengi huziacha zikalala kwenye folda, kisha wanalalamika kwamba gemu haieleweki.

Zamani ndani ya boksi mlikuwa na vitabu viwili na ramani ya kitambaa, na ndivyo vilivyomo sasa kwenye hizo PDF. Hayakuwa mapambo yale! Ndani ya gemu huwezi kufanya uchawi mpaka uchanganye dawa mwenyewe, na namna ya kuchanganya imo kitabuni. Kuondoa sumu, ginseng na kitunguu saumu. Kuponya majeraha, ginseng na uzi wa buibui. Ukikosea, dawa zimekwenda na hela yako imekwenda. Kwa hiyo cheza kwenye kompyuta, kitabu kikiwa wazi kwenye simu pembeni.

Kiingereza chake ni cha kizamani, soma polepole. Ramani ndiyo iliyonichosha: majina yameandikwa kwa herufi za kale, na kwenye kioo cha simu unavuta huku, unavuta kule, hujui ulipo. Nenda duka la steshenari ukaiprinti kwenye karatasi kubwa. Mimi nilifanya hivyo na gemu ikabadilika kabisa.

Sasa uchezaji. Hapa hakuna jitu la mwisho la kuua; unatafuta fadhila nane, yaani tabia njema kama uaminifu na ushujaa, na gemu inakuangalia kimyakimya. Muuza dawa ni kipofu, anakutajia bei, halafu wewe mwenyewe unaandika unalipa kiasi gani. Jamani, mlipeni! Ukimpunja hakuna atakayekufokea, lakini uaminifu wako unashuka, na utakuja kushangaa mbele ya safari kwa nini mambo hayaendi. Ukimkimbia adui mwovu, ushujaa nao unapungua.

Kila unayekutana naye muulize kwa kuandika NAME (jina) na JOB (kazi), kisha shika neno lolote geni alilolitaja umuulize tena hilohilo. Andika kwenye daftari, gemu haikukumbushi. Na ukitaka kujua umefikia wapi, rudi kwenye kasri la Lord British, mfalme wa humo, mtafute mwaguzi Hawkwind, umuulize fadhila mojamoja kwa jina. Anza na uaminifu, hasa kama umeshapita kwa yule kipofu.