Gitaa la Kuanzia: C40, F310 na Lile Lisilo na Jina

Hamjambo watazamaji, karibuni tena. Mezani leo nina magitaa matatu, na ukishuka barabara ya Luthuli, Nairobi, ukasema "naanza kujifunza", utaonyeshwa haya au ndugu zake. Kushoto ni Yamaha C40, nyuzi za nailoni. Katikati ni Yamaha F310, nyuzi za chuma. Hili jeusi linalong'aa kama kiatu cha bwana harusi ndilo la bei ya chini, nalo limeandikwa jina ambalo ukilitafuta mtandaoni hupati kitu.

Bei sitaitaja. Pale mjini bei ni mdomo wako na saa uliyofika. Jueni tu kwamba jeusi ndilo rahisi kuliko hizo Yamaha mbili, na ndiyo maana wengi huondoka nalo.

Basi nianze na hilo. Sikilizeni sauti kwanza... Mmesikia? Si mbaya. Kwa kuimbia sebuleni inatosha kabisa. Shida yake iko hapa, ngoja nisogeze kamera: freti ya 12, yenye vidoti viwili. Freti ni hivi vyuma vilivyokatiza shingo. Tazameni nafasi iliyopo kati ya uzi na freti. Sasa nachukua kadi za benki. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, ya benki yoyote ile, kwa hiyo tatu zikibebana ni kama milimita 2.3. Kwenye gitaa la nyuzi za chuma, ule uzi mnene ukiwa unaigusa kadi ya tatu hivi, gitaa liko sawa. Haya, moja. Mbili. Tatu, bado panapita hewa. Nne. Ya tano ndiyo inagusa.

Karibu milimita nne, jamani. Kila kordi unayoshika, yaani noti kadhaa kwa pamoja, unasukuma chuma mbali kuliko inavyotakiwa. Anayeanza anavumilia siku chache, vidole vinavimba, gitaa linapanda juu ya kabati, halafu anawaambia watu hakujaliwa kipaji. Kipaji kimeingiaje hapo? Hiki kijiti cheupe cha kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungiwa kwenye mwili wa gitaa, ndicho kirefu mno! Fundi anakichomoa, anakisugua kwa msasa upande wa chini, anakirudisha. Hesabu yenyewe ni hii: ukitaka uzi ushuke milimita moja kwenye freti ya 12, kijiti kipungue milimita mbili, kwa sababu freti ya 12 iko nusu ya urefu wa uzi. Kazi ya muda mfupi. Ila msifanye wenyewe nyumbani na msasa wa seremala, maana kikishapunguzwa kupita kiasi nyuzi zinaanza kukwaruza freti na kulia zzz, na hapo ni kununua kijiti kingine.

Kabla hujalipa, kuna jambo ambalo fundi hawezi kukuokoa nalo kwa urahisi. Piga uzi ukiwa wazi, bila kuubonyeza, kisha ubonyeze freti ya 12 uupige tena. Ile ya pili lazima iwe sauti ileile, ila juu oktava moja. Fungua programu ya kutyuni, yaani ya kupanga sauti za nyuzi, kwenye simu, zipo za bure, uangalie mshale. Kama uzi wazi uko katikati na ule wa freti ya 12 umekimbilia pembeni kabisa, rudisha gitaa kwenye msumari wake na uombe lingine. Hilo litakuwa na kordi chafu kila siku hata ulityuni vipi. Pia shika kichwa cha gitaa, ile ncha ya kukazia nyuzi, funga jicho moja, utazame shingo kama anayepima mbao. Ikiwa imepinda kidogo si mwisho wa dunia, kwa sababu magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana fimbo ndani ya shingo inayokazwa au kulegezwa kwa ufunguo. Ikiwa imejisokota, achana nalo.

Sasa Yamaha. Hii F310, kadi ya tatu inaingia ikigusa. Mbao ya juu ni ya tabaka zilizogandishwa, si kipande kimoja, kwa hiyo usitarajie iendelee kukolea sauti miaka ikipita. Lakini uzi una urefu wa milimita 634, mfupi kidogo kuliko magitaa mengi ya umbo hili, na hiyo inasaidia: mvutano unapungua na freti zinasogeleana. Shingo ina upana wa milimita 43 pale juu. Mkono wa kawaida unaizunguka bila taabu.

C40 ni habari nyingine. Upana wa shingo yake ni milimita 52, urefu wa uzi 650. Nailoni ni laini kwa vidole, hilo ni kweli, na nyuzi zake hukaa juu zaidi bila kuumiza, kwa hiyo kadi nne au hata tano hapa si kosa. Wenye vidole vifupi ndio watakaolalamika, kwa sababu ya upana. Lakini upana huohuo ni zawadi kwa anayetaka kudonoa uzi mmoja mmoja. Ule upigaji wa gitaa uitwao omutibo, wa Magharibi mwa Kenya, wa wanamuziki kina George Mukabi, kidole gumba kikitembeza besi huku cha shahada kikiimba, ukitaka kujifunza polepole, nafasi kati ya nyuzi inakupa ruhusa ya kukosea.

Na tafadhali, tena nasema tafadhali: usifunge nyuzi za chuma kwenye C40 au gitaa lolote la nailoni. Mitaani hili linafanyika sana, eti lipate sauti kubwa. Chuma huvuta kwa nguvu zaidi kwa mbali. Daraja linaweza kung'oka na kipande cha mbao.

Gitaa la umeme? Ni rahisi kwa vidole kuliko yote haya, na kama unachotaka ni solo ya benga, huko ndiko utakakofika. Lakini lina amplifaya, waya, na majirani.

Vifaa vingine: usinunue fungu zima. Nunua tyuna ya kubana kichwani mwa gitaa, maana inasikia mtetemo wa mbao, haijali honi za matatu wala jenereta ya jirani, wakati simu inasikiliza vyote. Nyuzi ni E, A, D, G, B, E kutoka ule mnene. Kisha kapo, kibano cha shingoni kinachobana nyuzi zote na kupandisha sauti. Anza na kordi za G, C, D na Em. F iache kwanza, inataka kidole kimoja kilaze nyuzi zote. Kapo ndiyo itakayokuokoa kanisani, kwa sababu mama anayeanzisha wimbo haulizi mpiga gitaa yuko wapi. Anaanza pale koo lake lilipoamkia. Wewe unasogeza kapo, kordi zako ni zilezile nne.

Ningechagua lipi? Anayetaka kuimba na kusindikiza watu, F310. Anayetaka kudonoa, au mwenye vidole vinavyolia haraka, C40. Na jeusi nalikubali, kwa sharti kwamba pesa ya fundi na ya seti nyepesi ya nyuzi, ile ambayo uzi wake mwembamba ni namba 10 badala ya 12 (unene kwa sehemu za elfu za inchi), ziwe mfukoni kabla hujalilipia. Ukishalinunua, usikubali makanga alitupe kwenye buti pamoja na magunia ya viazi. Keti nalo, kichwa juu, katikati ya magoti. Akidai nauli ya kiti cha pili, lipa.