Diski yangu ilikuwa nzima, fundi ndio hakutaka kusoma skrini

Nyota moja, na hata hiyo moja si ya mwenye duka, nitaeleza ni ya nani. Duka lenyewe silitaji jina na sababu yake mtaiona. Liko Kariakoo, ghorofani, wanauza laptopu za mtumba na kupiga Windows, na walimu wenzangu wengi ndiko wanakopeleka mashine zao, kwahiyo asije mtu kuniambia nilienda kwa fundi wa kuokota.

Laptopu ni ya nyumbani. Ndio natungia mitihani, watoto wanafanyia homuweki, baba yao anaangalizia mpira. Ilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na juu ya hapo ilishajaa virusi vya steshenari, vile ukichomeka flashi mafolda yote yanageuka shotikati, nikasema basi, nafuta kila kitu naweka Windows 11 safi. Mashine inakubali, prosesa yake ni Intel ya kizazi cha 11. Mitihani yote nilishaihamishia kwenye eksteno. Flashi nikaitengeneza kwa programu ya Microsoft wenyewe, bando la usiku likashusha mpaka likamaliza, asubuhi nikachomeka nikawasha, ikaenda vizuri tu, lugha, kibodi, masharti, kubali, mpaka inapofika kwenye kuuliza Windows iwekwe wapi.

Patupu. Orodha nyeupe kabisa, hakuna diski hata moja. Na chini yake kuna mstari unasema haikuona diski yoyote, kama unataka draiva ya hifadhi, yaani kile kiprogramu cha kuiwezesha Windows kuongea na diski, bonyeza Load driver. Ushikeni huo mstari kwasababu ndio kesi yote iko hapo. Mimi hiyo draiva ya hifadhi nilikuwa siijui ni ipi wala inapatikana wapi, nikabadilisha tundu la USB, nikabadilisha flashi, ikawa vilevile, nikafanya anachofanya mtu yeyote mwenye akili zake, nikapeleka kwa mtu anayelipwa kujua.

Sasa sikilizeni. Nafika, nasalimia, fundi kainamia simu, hajaitikia. Nikasubiri. Nikamweleza kaka samahani, nilikuwa naweka Windows ikafika hapa haioni diski. Akachukua laptopu akaigeuza upande wake nisiione, akachomeka flashi yake, akangoja, akatazama ile orodha nyeupe kwa muda wa mtu kupiga chafya, akafunga. "Dada, SSD imekufa." SSD ndio hiyo diski yenyewe. Hivyo tu. Nikamuuliza una uhakika, maana jana usiku imeshinda inafanya kazi, nimekopi mafaili yangu yote kutoka humohumo. Ndio akainua macho sasa, mara ya kwanza, akaniambia kwa sauti ya duka zima kusikia, "Kwani nani alikutuma uichokonoe? Hii sio sufuria dada, hivi vitu vina wenyewe."

Kuna mzee alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri printa yake, akacheka. Kuna vijana wawili wa chuo wakaangalia chini. Mimi nina miaka mingi nafundisha, watoto wa watu wanaitwa wahandisi leo nimewashika mkono mimi kuandika herufi, halafu mtu ananiambia sufuria. Yaani mpaka leo nikiwa nafua linanijia hilo neno.

Lakini nikajishika, nikamwambia kaka, kabla hujasema imekufa, ingia kwenye baios, ile menyu ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka, tuone kama inaonekana. Hataki. Nikamwambia basi ichomoe uiweke kwenye kile kikasha cha USB, maana kilikuwa hapo mezani kwake nakiona, kile cha kuingizia SSD ukaisoma kwenye kompyuta nyingine kama flashi, kazi ya dakika mbili. Akafungua mfuniko wa chini, akaichomoa kweli, akaipuliza kwa mdomo, akairudisha palepale, akawasha, orodha nyeupe, akasema "si umeona?" Nimeona nini sasa? Kikasha kiko hapo sentimita chache kutoka kwenye mkono wake. Halafu bei ikatoka haraka kuliko salamu, SSD mpya laki na themanini, kupiga Windows elfu ishirini, na kama sitaki kununua basi kuna elfu kumi na tano ya kuangalia na hanipi mashine mpaka nilipe. Nikalipa. Nilikuwa na gari la kuwahi na sikutaka kulia mbele ya yule mzee.

Kwa haki, nisiwe mwonevu, huyuhuyu fundi ndiye aliyetengeneza desktopu ya mdogo wangu, ikawaka na inawaka mpaka leo, hata hela hakuchukua nyingi. Na pale pana foleni, watu wanamsumbua, simu zinaita, joto lile la ghorofani bila feni. Inawezekana ilikuwa siku mbaya. Nilitaka kuandika nyota mbili kwa ajili hiyo. Ila nikishafika kwenye kile kikasha roho inakataa, kwasababu uchovu haumzuii mtu kuchomeka kitu kilicho mbele yake, hakutaka kujua jibu maana jibu lingemnyima laki na themanini. Au pengine hakujua tu na aliona aibu kusema hajui mbele ya watu. Sijui lipi ni afadhali. Yote mawili hela yangu imeenda.

Sasa hii nyota moja. Pale dukani kuna kijana anajifunza kazi, kazi yake kufungua skrubu na kutumwa chai. Ndiye aliyenifungia begi na kunipa chaja, akanisindikiza mpaka kwenye ngazi, akasema taratibu sana, "Dada pole, hiyo haijafa. Ni VMD. Tafuta draiva ya RST kwenye saiti ya waliotengeneza laptopu." Akarudi ndani mbiombio kabla sijamuuliza herufi. Nikaandika kwenye simu papo hapo, VMD, RST. Mnaona kwanini duka silitaji. Nikilitaja tu huyo mtoto kesho hana kazi.

Na hapo ndio hasira yangu ilipopanda upya, njia nzima ya kurudi nyumbani, kwasababu maana yake ni kwamba ndani ya lile duka alikuwepo mtu anayejua, amesimama hatua mbili kutoka pale, amesikia nimeambiwa sufuria, na hana ruhusa ya kufungua mdomo.

Nilichokuja kukielewa ni hiki, na nakiandika kirefu kwasababu kuna mtu saa hizi anatoa laki yake. Laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 zinakuja kiwandani na kitu kinaitwa VMD kimewashwa, ni kidhibiti kilichomo ndani ya prosesa yenyewe, na SSD inakuwa nyuma yake. Windows iliyokwisha kuwekwa kiwandani inayo draiva ya kuongea na hicho kidhibiti, ndio maana siku zote unafanya kazi huna habari. Lakini ile flashi ya kuanzia upya mara nyingi haina hiyo draiva, kwahiyo inapiga hodi getini, haijibiwi, inasema nyumba haina watu. Diski iko ndani nzima na afya yake. Ingia baios, kwa yangu ni F2 wakati wa kuwasha, nyingine ni Delete au F10, utaikuta imeandikwa jina na ukubwa wake. Nilipoiona pale jina lake limekaa vizuri nilikaa kwenye kiti nikasema Mungu wangu, laki na themanini.

Draiva nilishushia kwenye kompyuta ya shule. Unaingia kwenye ukurasa wa msaada wa kampuni iliyotengeneza laptopu yako, unaandika namba ya mashine, ile serial number iliyobandikwa tumboni mwake, unaenda sehemu ya hifadhi, unatafuta yenye jina Intel RST, ndio draiva ya kuongea na hiyo VMD. Hapa ndio wengi wanakwama kwahiyo muwe makini, faili linalokuja linaishia na exe, na ukilitupa hivyohivyo kwenye flashi ile programu ya kuweka Windows haitaliona, kwasababu yenyewe inataka mafaili ya inf na sys yaliyo wazi ndani ya folda. Lazima ulikunjue kwanza. Kuna kampuni zinakuwekea folda tayari, kuna zingine linajikunjua ukilibofya, na lile la Intel wenyewe linaloitwa SetupRST unalifungulia kwenye lile dirisha jeusi la amri, unaandika jina la faili, nafasi, halafu -extractdrivers, nafasi, na jina la folda unayotaka. Folda ikitoka ndio unaikopi kwenye flashi ileile ya Windows.

Nikarudi nyumbani, watoto wameshalala, nikachomeka, nikafika tena kwenye orodha nyeupe, nikabonyeza Load driver, nikaielekeza kwenye folda. Ukatokea mstari mmoja wenye VMD na namba 9A0B, ndio ya kizazi cha 11, wenye kizazi cha 12 wengi wataona 467F. Nikaukubali. Ikafikiri kidogo. Halafu diski hiyo hapo, GB 476 na vipande vyake vyote vya zamani vimejipanga, na msishtuke mkiona 476 wakati mliambiwa 512, kompyuta inahesabu kivyake, hakuna aliyeiba. Nilipiga kelele mpaka mume wangu akatoka chumbani akidhani kuna mwizi.

Njia nyingine ni kuzima VMD kwenye baios, na inafanya kazi kama unafuta kila kitu unaanza upya. Ila mtu asije akakuzimia wakati Windows yako ya zamani bado iko mle unaihitaji, itagoma kuwaka, utaletewa skrini ya bluu ya kwamba haifikii diski ya kuwashia, na hapo ndio fundi wa aina ile atakwambia sasa hivi imekufa kweli. Mimi nikaona bora draiva.

Baada ya hapo nikafuta vile vipande, nikaiacha ijiandikie. Ikakwama tena kidogo mwishoni, inataka intaneti na Wi-Fi haionekani kwasababu nayo draiva yake haijaingia, nikachomeka simu kwa waya nikawasha ile ya kugawa intaneti kwa USB, ikaendelea. Saa ile nilikuwa sitishiki na kitu tena. Sasa hivi mashine inawaka upesi, haina shotikati hata moja, mitihani ya muhula nimetungia humo.

Nikarudi dukani. Sikurudi kugombana, nilirudi na laptopu imewaka, nikaiweka kaunta, nikamwonyesha diski ileile, jina lilelile, nikamwambia kaka hii ndio uliyosema imekufa, naomba elfu kumi na tano yangu kwasababu hukuangalia. Nilikuwa tayari akiniambia tu pole dada nimsamehe palepale, na nasema kweli, ningeondoka bila hela. Akaitazama akasema "ulibahatisha". Ulibahatisha! Halafu akasema hela ya kuangalia hairudi, imeandikwa kwenye risiti. Risiti hakunipa. Nikamwomba anionyeshe hata kitabu cha risiti tu nione ilipoandikwa, akamgeukia mteja mwingine.

Kijana wangu alikuwa nyuma anafungua skrubu. Hakuniangalia na mimi sikumwangalia, ila nilimwachia mama ntilie wa pale chini ya ngazi hela ya chakula chake, wali maharage na chai, nikamwambia mpe yule mwembamba wa ghorofani. Huyo akija kufungua kibanda chake hata kiwe Mbagala nitapanda daladala nimfuate, na shule nzima nitaipeleka.

Mnaoniuliza niende au nisiende hapo Kariakoo. Kama mashine yako haiwaki kabisa, umeme umeingia vibaya, kioo kimepasuka, nendeni, mikono anayo, sitamdhulumu. Kama ni kuweka Windows na diski haionekani, msiende, au mkienda msikubali aigeuze laptopu upande wake. Simama naye. Mwambie akuonyeshe baios, aitoe aisome kwenye kikasha, na akikataa chukua mashine yako kabla hajaifungua maana akishaifungua anadai.

Elfu kumi na tano yangu bado anayo. Nimemtumia ujumbe WhatsApp, tiki za bluu zimetokea, kimya, nikatuma tena na picha ya diski, kimya. Akiirudisha pamoja na neno pole nitaongeza nyota, nitafika hata tatu. Akirudisha hela bila pole nitaiacha hii moja ilipo, ni ya kijana.