Banda la kumbukumbu bustanini: kikao raha, choo mtihani

Chama chetu cha kuzikana kina kikao kila mwezi, na mimi ndiye mweka hazina, kwa hiyo kazi ya kutafuta mahali huniangukia mimi. Kumbi za mtaani siku hizi bei yake ni ya harusi. Safari hii tulikwenda kwenye banda la kumbukumbu ndani ya bustani ya umma, upande wa baharini, na wenye vikundi kama sisi nawapa habari yake.

Uzuri wake uko kwenye vibaraza. Kuta hakuna, kati ya nguzo na nguzo wamejenga baraza za saruji, pana kiasi cha mtu mzima kukaa na mkoba wake pembeni. Tulikaa tukitazamana, hakuna cha meza kuu. Bibi mmoja ambaye ukumbini huwa hafungui mdomo, siku hiyo alidai hesabu ya sanda na jeneza mpaka senti ya mwisho. Nikampa.

Paa ni la bati, lakini chini wamepiga dari ya mbao na kuacha nafasi ya hewa kupita. Saa nane mchana, na jua la Dar mnalijua, hakuna aliyejipepea kwa khanga. Hiki ni kipindi cha kusi, upepo unaingia wenyewe. Masika nisingepeleka mtu: pande zote ziko wazi, mvua ikija na upepo mtalowa.

Majina ya wanaokumbukwa yamechongwa kwenye jiwe, usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Hapo wamenikosha. Sanamu ya askari pale Barabara ya Samora, katikati ya jiji, ipo tangu 1927, ya kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na maandishi ya Kiswahili inayo. Ila imezungukwa na magari, nani avuke akasome? Hapa mjukuu wa mwenzetu aliyasoma majina yote kwa sauti, akikosea wazee wanamsahihisha, kikao kikasimama kidogo.

Sasa choo. Kipo, tena kisafi, lakini ufunguo anao mtu mmoja, na ikifika saa kumi huyo anaondoka zake. Tuna wazee wenye sukari jamani! Soketi nayo ni moja, juu kabisa ya nguzo. Mwenye spika aje na waya mrefu.

Kupika hairuhusiwi. "Mama, pilau lije limeiva," mlinzi alinieleza mapema, kwa adabu. Tukalibeba kwenye mahotipoti, na sioni ubaya, sakafu haina hata doa la masizi.

Watu thelathini mnaenea vizuri. Mkizidi, wengine waje na mikeka wakae kwenye majani, na mfunge kikao kabla ya magharibi, maana mbu wa pale hawajali kama mko msibani. Ufunguo wa choo uchukueni kabla hamjasoma agenda.