Canon 5D Mark II na Mark IV: nilichokiona kwenye picha za harusi Dar

Anayetaka kuacha kamera ya Canon 5D Mark II akanunue mdogo wake, Mark IV, kwa ajili ya picha za ukumbini usiku, nimwambie mapema: ataongeza pesa nyingi apate tofauti ndogo. Faida ya Mark IV iko mchana, tena juani kabisa, saa saba, pale Coco Beach ambako maharusi wanaletwa moja kwa moja kutoka kanisani na kamati imeshaanza kupiga simu kuuliza mko wapi. Najua watu wengi wanaamini kinyume. Mimi nimezitumia zote mbili kwa kazi zilezile na lenzi zilezile, na hicho ndicho ninachokiona nikifungua mafaili.

Mark II ilitoka mwaka 2008 ikiwa na megapikseli 21.1, Mark IV ikatoka 2016 na megapikseli 30.4. Sensa zote mbili, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, zina ukubwa wa filamu ya milimita 35, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema moja imebebwa na ukubwa.

Sasa tuje ufukweni. Bibi harusi kavaa shela jeupe, bwana harusi kavaa suti nyeusi, ngozi yake ni yetu hii, jua liko utosini na mchanga nao unarudisha mwanga. Ukipima mwanga kwa uso wa bwana harusi, shela linaungua: nakshi zote alizohangaika nazo fundi zinapotea. Ukililinda shela, suti inageuka giza tupu na macho ya bwana harusi yanazama humo humo. Njia ya kawaida ni kupiga RAW (faili ghafi lisilosafishwa na kamera), kulilinda shela, halafu kuvuta vivuli, yaani kuangaza sehemu za giza, baadaye kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha.

Hapo ndipo Mark II inapoumbuka. Ukivuta kidogo, stopu moja hivi (kila stopu ni mwanga mara mbili), inakubali. Ukifika stopu tatu kwa ISO 100 (ISO ni kiasi kamera inavyokuza mwanga), kwenye suti inajitokeza mistari, pamoja na madoa ya zambarau, na bwana harusi anaonekana kavaa suti ya milia ambayo hakuinunua. Faili la Mark IV likivutwa hivyo hivyo, unaona mshono wa kola, unaona kitufe, unaona uzi wa kitufe. Chenga, yale madoadoa madogo ya picha, zipo, lakini ni laini na zimetawanyika bila mpangilio. Chenga za namna hiyo jicho linazisamehe, mistari haliisamehe hata siku moja. DxOMark, maabara ya kupima kamera, walipopima uwezo wa kushika mwanga na giza kwa pamoja, Mark II ilipata stopu 11.9 na Mark IV 13.6. Ukizisoma namba hizo unaona ni stopu moja na kitu tu. Kwenye suti nyeusi ni picha ya kumpa mteja dhidi ya picha ya kuificha.

Sababu yake ni ya kiufundi lakini haichoshi. Kwenye Mark II, umeme mdogo unaotoka kwenye sensa unasafiri kwanza hadi kwenye chipu nyingine ndipo ugeuzwe kuwa namba, na njiani unaokota uchafu. Kwenye Mark IV kazi hiyo inafanyika ndani ya sensa yenyewe, safari hakuna. Uchafu ule wa njiani ni mdogo, hauonekani kwenye sehemu zenye mwanga. Unakaa chini kabisa, kwenye vivuli, unasubiri uvute.

Usiku hesabu inabadilika. Ukiweka ISO 6400, ishara (ule umeme wa sensa) inakuzwa kabla haijaanza ile safari, kwa hiyo uchafu wa njiani hauna nguvu tena mbele yake. Chenga zinazobaki zinatokana na mwanga wenyewe. Mwanga hudondoka kama manyunyu, tone hapa tone pale, haujimwagi sawasawa. Pikseli ikipokea chembe 10,000 za mwanga, itayumba kwa kama 100, yaani asilimia 1. Ikipokea chembe 100 tu, itayumba kwa 10, asilimia 10 nzima. Hakuna kampuni itakayokuuzia kamera ya kuondoa hilo. Dawa ni mwanga zaidi au lenzi iliyo wazi zaidi. Ndiyo maana usiku Mark IV inaipita Mark II kwa chini ya stopu moja. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi iko wazi zaidi), ambayo bei yake haikaribii hata kidogo ya bodi, yaani kamera bila lenzi, inakupa zaidi ya stopu moja ukitoka f/2.8.

Ninachokifurahia usiku kwenye Mark IV ni fokasi, jinsi kamera inavyolenga picha itoke kali. Ina pointi 61 za kulengea, Mark II ina 9, na taa za zambarau zikianza kuzunguka maharusi wakiingia kwa kucheza, tisa hizo zinatafutana. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Tahadhari kwa wanaojaribu kamera dukani Kariakoo: muuzaji atakuonyesha JPEG, picha iliyokwisha kutengenezwa na kamera, kwenye kioo cha kamera. JPEG ya Mark IV imeshasafishwa na prosesa ya kizazi kipya, kwa hiyo unalinganisha sabuni, si nguo. Omba RAW, lenzi moja, ISO ileile, spidi ileile. Ukifika nyumbani zipunguze zote ziwe na ukubwa mmoja, maana ukikuza asilimia mia kwa mia unaionea ile ya megapikseli 30. Na kama unanunua iliyotumika, piga uvungu wa meza ya duka kwa ISO 100 kukiwa na giza, halafu uvute. Uliza pia shata, pazia linalofunguka kila unapopiga, imepigwa mara ngapi; zote mbili zilikadiriwa mara 150,000. Lenzi zitazame dhidi ya mwanga, kwa hewa yetu ya pwani fangasi hawachagui lenzi ya nani.

Adobe walipoleta kisafisha chenga cha akili bandia kwenye Lightroom, Aprili 2023, mafaili yangu ya ukumbini ya Mark II yalipata uhai mpya. Chenga za ISO 6400 zinaondoka na kope zinabaki. Ile mistari ya mchana haikuondoka vizuri, na kompyuta isiyo na kadi nzuri ya michoro itakuweka macho hadi alfajiri, umeme ukikubali.

Kwa hiyo mwenye Mark II na bajeti ndogo, nunua flashi yenye uwezo wa spidi ya juu ya shata, maana bodi zote mbili kwa flashi ya kawaida zinaishia 1/200 ya sekunde. Jaza mwanga usoni kwa bwana harusi na vivuli havitahitaji kuvutwa. Mwenye kazi nyingi za nje anunue Mark IV. Lenzi za EF zinahama nazo, na betri za LP-E6 zinaingia zote mbili. Mimi Mark II sikuiuza. Inakaa na lenzi ya milimita 85 kwa kazi za ukumbini na kitchen party, na wateja wanaopokea picha kwa WhatsApp hawajawahi kuniuliza ipi imetoka wapi.