Mvinyo wa mapovu wa Kent: kinywaji nakisifu, mapokezi sitaki kuyaona tena

Nianze na aliyetuhudumia, maana ndiye anayenifanya niandike. Tulikwenda kuonja mvinyo kwenye shamba la mizabibu huko Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, kiangazi kinaishia. Pale kaunta chupa za bei kubwa zilikuwa kwenye ndoo ya barafu. Ile ya bei nafuu, kama pauni 20 hivi, ilikuwa imeachwa juani. Ndiyo aliyonimiminia, tone la kulowesha glasi tu, huku macho yake yakiwa kwa wageni waliokuwa nyuma yetu.

Nikamuuliza swali la kawaida kabisa: huu umechachushwa mara ya pili ndani ya chupa au ndani ya tangi? Uchachushaji huo wa pili ndio unaoleta mapovu; lebo ilikuwa kimya kuhusu hilo, na hapo ndipo bei inapoanzia. Wa chupa hulala miezi mingi na mashapo ya chachu mpaka ukapata ladha ya mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Wa tangi hutoka upesi, una tunda zaidi, na si aibu kuuuza kwa bei ya chini. Akanijibu, "Huu ni wa wanaotafuta kitu rahisi. Tofauti hutaiona." Hata uso hakuuinua! Wifi yangu akanivuta mkono: "Wifi, twende zetu." Nikakataa. Nimelipia kuonja, nitaonja.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mvinyo wenyewe ni mzuri. Hata ukiwa vuguvugu vile ulikuwa na tufaha bichi, ndimu kwa mbali, na ule uchachu wa zabibu za nchi ya baridi unaokuamsha taya. Nikanunua chupa. Nyumbani nikaupoza sawasawa kwenye friji, tukaunywa na samaki wa kukaanga na chipsi. Ukakata mafuta yote, vipovu vidogo vinapanda mpaka glasi inakwisha. Wifi, ambaye shampeni haimpendezi, aliomba aongezwe.

Sasa kwa nini kitu kizuri namna hii kiuzwe kwa dharau? Kent ina ardhi ya chaki kama ile ya Champagne, Ufaransa, kunakotoka shampeni. Taittinger wenyewe, watengenezaji wa shampeni wa huko Ufaransa, walivuka bahari wakapanda mizabibu yao huko mwaka 2017. Anayemimina kinywaji cha ardhi hiyo alipaswa kukisemea, cha bei yoyote ile.

Nilikuwa nimepanga kutoa nyota nne. Lakini kadiri ninavyoandika, hasira inanirudia. Yule hakujiweka pale kaunta, kuna mwenye shamba aliyemweka. Basi tatu. Na ukiutaka mvinyo wa mapovu wa Kiingereza usijisumbue na safari: supamaketi za Uingereza zinao, mwingine hata chini ya pauni 20, na hakuna atakayekupima kwa macho. Nyota ya nne naishikilia mpaka mtu wa shamba lile anijibu: ni chupa au ni tangi?