Khiêm Lăng, Huế: kaburi ambalo mwenyewe alilikalia akiwa hai

Khiêm Lăng, yaani kaburi la mfalme Tự Đức, nje kidogo ya Huế, mji wa wafalme wa zamani katikati ya Vietnam, lina tatizo moja ambalo si kosa lake: ziara nyingi za siku moja huligeuza kituo cha dakika 45. Gari linaegeshwa, watu wanapanda ngazi za kwanza wanazokutana nazo, wanapiga picha mbili tatu ukumbini, wanashuka na kuondoka. Aliyetembea hivyo hajaliona kaburi. Ameona nyumba ya marehemu tu, tena nusu yake. Eneo zima ni kama hekta 12, lina majengo yapatayo 50, ziwa, madaraja na msitu wa misonobari. Litengee saa mbili. Mpenda bustani atataka tatu.

Ujenzi ulianza 1864 ukaisha 1867, na Tự Đức alifariki 1883. Kwa hiyo kwa miaka 16 hapa palikuwa kasri lake la mapumziko: alisoma, alivua samaki, aliandika mashairi, aliendesha hata shughuli za serikali. Ukilijua hilo mapema, mpangilio wa mahali unaeleweka. Kuna upande wa kuishi na upande wa kuzikwa, na maji yanapita mbele ya pande zote mbili. Kila jina lina neno Khiêm, maana yake unyenyekevu: lango la Vụ Khiêm, ziwa Lưu Khiêm, ukumbi wa Hòa Khiêm. Unyenyekevu huo uliwatoa jasho watu wapatao 3,000, na mwaka 1866 wafanyakazi waliochoshwa na kazi ya shuruti waliasi, silaha zao zikiwa michi ya kutwangia chokaa. Uasi ulizimwa. Mradi ulikuwa ukiitwa Vạn Niên, yaani miaka elfu kumi. Baada ya ghasia hizo mfalme akaubadilisha jina, na ndipo Khiêm ilipoingia.

Ukishapita lango, usikimbilie ngazi zilizo kushoto. Fuata njia ya matofali hadi ziwani kwanza. Utakutana na Dũ Khiêm, gati dogo lenye paa alipopandia mashua, na mbele kidogo Xung Khiêm, banda la mbao lililosimama juu ya maji kwa nguzo. Hili la pili ndilo bora kuliko vyote hapa. Lina ubaridi hata mchana, viti vyake ni kingo za mbao zenyewe, na ukikaa unaona kisiwa kidogo cha Tịnh Khiêm, ambako mfalme alifugiwa wanyama wa kuwinda. Ziwa lenyewe lilikuwa kijito tu. Lilichimbwa na kupanuliwa. Mayungiyungi huchanua kuanzia Mei hivi, na saa nzuri ni asubuhi, kabla jua kali halijayafumba. Nje ya msimu huo maji huwa ya kijani kizito tu, basi usije Desemba ukidai maua.

Ngazi za mawe zinazotazamana na gati zinapanda hadi kwenye lango la ghorofa mbili, na nyuma yake kuna Hòa Khiêm. Ulikuwa ukumbi wa kazi za mfalme, sasa ni mahali pa kumtukuza yeye na malkia wake. Tazama viti viwili vya enzi: kikubwa ni cha malkia. Tự Đức alikuwa mfupi, inasemekana kama sentimita 153, na ufupi huo utauona tena mbele. Ndani ni giza, maelezo ni machache, na vitu vingi vimezungushiwa kamba. Hapa ndipo mwongozaji anapostahili malipo yake. Kwa kuwa ni mahali pa ibada, funika mabega na magoti, na uheshimu vibao vinavyokataza picha. Nyuma kuna Lương Khiêm, alipokuwa akilala, baadaye pakawa pa kumtukuza mama yake. Kulia kwake, Minh Khiêm, ukumbi wa michezo ya kuigiza ambao ni miongoni mwa kongwe kabisa Vietnam. Watu wengi huupita bila kuingia kwa sababu kwa nje hauvutii. Ingia, utazame dari.

Hapa ndipo makundi mengi hurudi garini. Wewe shuka, rudi kwenye njia ya ziwani, endelea mbele. Baada ya mwendo mfupi utafika kiwanja chenye tembo, farasi na maofisa wa mawe waliopangwa safu mbili. Maofisa hao ni wafupi kuliko wa makaburi mengine ya Huế, na sababu inayotolewa ni kwamba hakuna aliyetakiwa kumzidi mfalme kimo, hata jiwe.

Juu ya kiwanja, chini ya banda, kuna jiwe la maandishi lenye uzito wa tani 20 hivi. Lilitoka Thanh Hóa, kilomita kama 500 kaskazini, na safari yake inasemekana ilichukua miaka minne. Kwa desturi mtoto ndiye anayeandika sifa za baba. Tự Đức, pamoja na wake na masuria 104 anaotajwa kuwa nao, hakupata mtoto, na ndui aliougua huhesabiwa kuwa chanzo. Akaandika mwenyewe, herufi 4,935, na badala ya kujisifu akaorodhesha magonjwa yake, makosa yake na majuto yake. Alikuwa na ya kujutia: mwaka 1862 alisaini kuwapa Wafaransa majimbo matatu ya kusini, na 1867 matatu yaliyobaki yakachukuliwa. Jiwe hili peke yake linatosha kumleta mtu hapa. Ajabu ni kwamba wengi hulitumia kama kivuli cha kunywea maji.

Nyuma ya jiwe kuna bwawa la nusu mwezi, kisha ukuta wa duara na mlango wa kaburi. Ndani ni nyumba ndogo ya jiwe, wazi, kimya, bila pambo. Simulizi maarufu husema mfalme hakuzikwa hapo na kwamba waliomzika waliuawa ili siri ifichike. Ichukue kama simulizi. Ukivuka ziwa utafika kwenye kaburi la malkia na la Kiến Phúc, mwana wa kulea aliyetawala kwa muda mfupi akafa kijana. Upande huo karibu hauna watu.

Kiingilio cha mtu mzima kimekuwa dong 150,000 (sarafu ya Vietnam) kwa miaka kadhaa. Tiketi ya pamoja ya Ngome ya Kifalme iliyo mjini na makaburi ya wafalme Tự Đức, Minh Mạng na Khải Định imekuwa 530,000, wakati ukilipia kila mahali peke yake jumla ni 650,000. Inatumika siku mbili, lakini kila mahali unaingia mara moja tu, kwa hiyo usitoke nje kwenda kula ukitarajia kurudi. Thibitisha bei dirishani, na beba noti.

Kutoka mjini ni kilomita 6 au 7. Baiskeli inatosha kwa mwenye miguu, ingawa kuna vilima karibu na mwisho. Bodaboda na teksi za programu ya Grab ni rahisi kwenda. Shida ni kurudi jioni, magari yanapokuwa machache. Mwenye teksi akikuambia atakusubiri, tajeni muda kabla hujashuka, na sema saa mbili, maana yeye mwenyewe huhesabu dakika 45. Mashua za Mto Perfume zinapendeza, lakini gati haliko mlangoni. Kutoka gatini ni dakika kadhaa za kutembea juani.

Juni hadi Agosti joto hupita nyuzi 35 na matofali yanachoma, basi fika lango linapofunguliwa. Oktoba na Novemba ni mvua kubwa, mara nyingine mafuriko. Hata mvua ikikatika, matofali yenye ukungu wa kijani huteleza vibaya, hasa kwenye ngazi zisizo na mahali pa kushika. Viatu vya soli laini viache hotelini. Mwenye kiti cha magurudumu atafika ziwani, lakini kumbi zote kuu ziko juu ya ngazi.

Mwenye muda wa kutembelea kaburi moja tu achague hili. La Khải Định, lililomalizika 1931, ni zege na vigae vya kauri, linang'aa sana kwa picha, lakini halina bustani ya kukaa. La Minh Mạng lina ulinganifu na utulivu mkubwa zaidi, ila liko kilomita 12 kutoka mjini. Ukiyafanya yote kwa siku moja, anza na la mbali, na hili la Tự Đức uliweke mwisho, saa tisa alasiri, vikundi vikishaondoka. Dawa ya mbu iwe mfukoni. Ziwani wanaanza mapema.