Barakoa ya kazini: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ingia duka la vifaa vya ujenzi pale Gerezani, omba barakoa ya vumbi, na muuzaji atakuuliza kwanza unataka ya bei gani. Hapo ndipo watu wanapigwa. Barakoa mbili zinaweza kufanana kabisa, moja imepimwa maabara, nyingine imeshonwa tu. Usihangaike na boksi, boksi mtu yeyote anachapisha. Soma barakoa yenyewe.

Kwa fundi wa kawaida wa Dar, chaguo langu la kwanza ni FFP2 yenye mikanda ya kuzunguka kichwa. Hiki ni kiwango cha Ulaya, EN 149, na FFP2 lazima izuie angalau asilimia 94 ya chembe. Lakini kilichonivutia zaidi ni kwamba vipimo vyake haviishii kwenye malighafi: watu wanavaa, wanajongeajongea, kisha inapimwa hewa chafu iliyopenya, hata ile ya pembeni. FFP2 isizidi asilimia 8. FFP1, ya daraja la chini yake, inaruhusiwa hadi 22, ndiyo maana kwa seremala wa Keko anayepiga msasa kutwa nasema hapana. Vumbi la mbao limo kwenye orodha ya IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ya visababishi vya saratani tangu 1995.

Utafute nini? Jina la mtengenezaji, EN 149:2001+A1:2009, FFP2, halafu CE, alama ya bidhaa kukidhi masharti ya Ulaya, ikifuatiwa na tarakimu nne. Hizo tarakimu ni namba ya taasisi iliyosimamia ukaguzi. CE tupu, bila namba, irudishe. NR maana yake ni ya zamu moja. D maana yake imepimwa isizibe haraka kwa vumbi, jambo la maana kwa anayekata vigae au kuchanganya saruji.

Ya pili ni N95 halisi, ya Marekani, asilimia 95. Kwa ubora haipitwi na FFP2. Nimeishusha kwa sababu feki zake ni nyingi mno. Ya kweli ina neno NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini inayotoa kibali, lililoandikwa sawasawa na namba ya kibali inayoanza na TC-84A. Ikiwa ya kuning'inia masikioni, iache: N95 zenye kibali cha NIOSH huvaliwa kwa mikanda ya kichwani. Ukiambiwa kuna "N95 ya watoto", ujue unauziwa maneno, maana NIOSH haitoi kibali cha barakoa za watoto. Na ile N inamaanisha haihimili ukungu wa mafuta. Hapo inatakiwa yenye herufi R au P.

KN95 ya China naiweka ya tatu. Tafuta GB 2626-2019, namba ya kiwango cha China. Toleo la 2006 limeshapitwa. Kichujio chake si kibaya, tatizo ni zile kamba za masikioni zinazoacha mwanya mashavuni.

Barakoa ya hospitali inawachanganya wengi. Wanaona asilimia 98 wanadhani inaishinda N95. Ile 98 ya EN 14683, kiwango cha Ulaya cha barakoa za hospitali, ni kipimo cha kuzuia bakteria, na barakoa yenyewe haibani uso, vumbi linaingia kwa pembeni. Iachie zahanati. Ya kitambaa ni ya kukaa kwenye daladala, si ya kazi.

Wapuliza rangi, hakuna hata moja kati ya hizi inayowafaa peke yake. Mvuke wa thina unapita kwenye kichujio cha vumbi kama haupo. Nunueni ile ya mpira yenye vichujio vya mkanda wa kahawia, alama A, pamoja na kichujio cha chembe.

Kabla hujalipa, omba uijaribu. Bana kile kibati cha puani, funika barakoa kwa viganja, pumua nje kwa nguvu: ukisikia upepo machoni au shavuni, haikukai, hata iwe FFP3, ya daraja la juu kabisa. Ndevu nazo zinaharibu kila kitu. Ya vali, kile kitundu cha kutolea pumzi, inapunguza joto, na kwa jua letu si anasa, ila mwenye kikohozi asiivae, kwani pumzi yake inatoka bila kuchujwa. Usiifue, kichujio kinanasa chembe kwa chaji ya umeme, na maji ya sabuni yanaiua.

Kama umeajiriwa, usitoe hela yako. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga. Kwenye karatasi ya maombi usiandike "barakoa" tu, andika "FFP2 NR D, EN 149, mikanda ya kichwani", ili anayetumwa Kariakoo asirudi na ya bei rahisi.